Mtani Hapewi Shikamoo

Gongoni, Tabora

Mwanangu Zuhura,

Salamu nimekupa tulipokuwa tunakula, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia mambo ya maji ya kuchemsha, chandarua, na sanduku kutoliweka karibu na mlango wa behewa. Hayo mama yako anakwambia tangu juzi, na najua ataanza tena alfajiri kabla hujanawa uso. Mimi nina jambo moja tu. Sikuweza kulisema mbele yake kwa sababu yeye alilijua kabla yangu, na hajaacha kunikumbusha kwamba alilijua kabla yangu.

Ni habari ya yule kijana wa dirisha la tiketi.

Uliporudi kutoka stesheni wiki iliyopita ulikuwa umenuna hata karanga hukuzigusa. Ukatueleza kwamba mkata tiketi alikuuliza kabila lako, ulipomwambia Mnyamwezi akacheka, akasema Mnyamwezi na treni wapi na wapi, si mtembee, kwani miguu imekwisha? Foleni nzima ikacheka. Wewe ukamwambia kwamba yuko kazini, akupe tiketi yako, na asikuzoee. Ukasema alinyamaza, akakukatia tiketi, akakuita dada, akakutakia safari njema. Ulitusimulia kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Mama yako hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, nami nikatazama sahani yangu.

Ulisema mwenyewe kwamba kijana yule alijitapa kuwa ni Mzaramo wa Kisarawe. Na kesho unakwenda wapi? Zahanati uliyopangiwa iko wapi? Kijana wa watu alikufungulia mlango wa kwao, nawe ukamwomba kitambulisho.

Sikulaumu. Uso ule uliomkunjia ni wangu, nimekurithisha pamoja na pua. Na kwa sababu ni wangu, nawajibika kukueleza uso huo uliniponza vipi, usije ukakuponza na wewe huko unakokwenda, ambako hutakuwa na mama wa kukuchokoza wala ndugu wa kukimbilia.

Neno utani unalijua. Shuleni mlifundishwa kwamba ni mila njema inayoleta umoja wa taifa, mkaandika kwenye mtihani mkafaulu. Lakini humu nyumbani hukuuona utani ukifanya kazi, na aliyekunyima ni mimi. Basi niache nianze mbali kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na nta kutoka hapa kwenda Pwani, akarudi na nguo na shanga, akaenda tena. Hakuwa mtu wa cheo. Lakini njia ile yote alikuwa na kwao. Akifika Uzaramo aliingia nyumba yoyote bila hodi, akavuta kigoda cha mwenye nyumba, akachomoa muhogo motoni, na kabla hajaumaliza alikwisha kusema kwamba kwao Unyanyembe hata mbwa hawali muhogo uliochomwa hivi. Mwenye nyumba naye alimjibu kwamba asidhani analishwa yeye, unalishwa mzigo, maana baina yao wawili mzigo ndio wenye akili. Wakacheka, akalala hapo. Akiugua aliuguzwa. Mwenzake mmoja alipokufa njiani kwa kuhara, ni Wazaramo waliomwosha na kumchimbia kaburi, huku wakimtukana kwamba Mnyamwezi huyu mvivu ameona Pwani inakaribia, akakwepa kushusha mzigo. Babu alikuwa akisimulia hayo anacheka na kulia kwa pamoja. Alisema rafiki yake hakuzikwa kigeni.

Na Mzaramo aliyepanda bara alitufanyia sisi vivyo hivyo. Aliingia, akala, akatukana, akaondoka na alichokipenda uani bila kuomba, na hakuna aliyempeleka kwa mtemi. Kwa hiyo kila safari ya babu ilituongezea haki huko mbele, na kila mgeni wao aliyekuja aliwaongezea wao haki huku kwetu. Watu wasiojua kusoma wala kuandika, na kila mmoja alijua anastahili nini kwa nani, toka hapa mpaka baharini.

Sasa Mzee Kondo. Wewe unamjua kama mzee mpole anayeshona viatu karibu na soko, ambaye kila akikuona hukuuliza habari za masomo. Zuhura, yule si mpole. Yule alikuwa na mdomo mchafu kuliko midomo yote ya mji huu, na alikuwa wetu.

Alikuja hapa akiwa kijana, na kazi za reli, Mzaramo wa damu. Alipopata habari kwamba baba yangu ni mtoto wa mtu wa misafara, alimngoja Ijumaa, na baba alipotoka msikitini akakuta viatu vyake havipo, pamewekwa makubazi yaliyotoboka. Baba akacheka mpaka akakaa chini. Akavaa yale makubazi, akaenda hivyo hivyo mpaka kwa Kondo, akaingia ndani, akabeba blanketi la kitandani, akarudi nalo nyumbani. Utani wa nyumba yetu ulianza hapo. Mimi nimekua nikimwona Kondo akiingia kwetu kama upepo, akiinua vifuniko vya vyungu, akimwambia bibi yako kwamba ugali wake ungefaa kuzibia matundu ya ukuta. Na bibi yako, ambaye hakuwahi kumjibu mwanamume yeyote kwa sauti ya juu, alikuwa akimfukuza na mwiko mpaka barabarani. Nadhani ndiyo iliyokuwa furaha yake kubwa ya wiki.

Baba alipofariki kule kijijini kwetu, wewe ulikuwa ungali unabebwa mgongoni, kwa hiyo msiba ule huukumbuki. Nyumba ilijaa kilio mpaka nikaona kifua kinataka kupasuka. Mara akatoka Kondo chumbani kwa marehemu, amevaa kanzu ya baba na kushika bakora yake, anatembea kwa ule mguu wa baba uliokuwa unaburuta, anakohoa kikohozi chake, anauliza kwa sauti yake kwa nini watu wamejaa uani kwake na hakuna aliyeleta tumbaku. Shehe akageuka upande wa pili akajifanya anatafuta tasbihi. Wanawake walianza kucheka wakiwa bado wanalia. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, na niliposhtukia nikajiona naweza kupumua.

Kule makaburini mimi na mdogo wangu Hamisi tukaanza kubishana nani atangulie kushuka kaburini kumpokea baba. Mimi nilisema mkubwa ni mimi. Yeye akasema aliyekaa na baba shambani na kumlisha ni yeye. Maneno yakaanza kuwa makali, watu wakainamisha vichwa. Kondo akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

"Simpishi mtu," akasema. "Mnataka kumzika baba yenu pamoja na viburi vyenu, na kaburi hili ni la mtu mmoja."

Akatutukana sisi wote wawili, kwa zamu, pale pale mbele ya jeneza. Alisema mambo ambayo mjomba wetu asingethubutu kuyasema, na yote yalikuwa kweli. Hamisi ndiye aliyecheka kwanza. Tukamtoa Kondo kwa kumvuta mikono, tukashuka wote wawili. Jioni Kondo aliondoka na kanzu ya baba, haki yake, na kwa miaka mingi alikuwa akija nayo kwetu sikukuu na kudai kiti cha mwenye nyumba.

Uhuru ukaja, na baada ya muda nikachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Ni cheo kidogo, kusuluhisha majirani na kujua mgeni wa nani kalala kwa nani, lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila cheo hulewa hata kwa kidogo. Nilinunua kofia mpya. Nikawa nakohoa kabla ya kusema. Usidhani nilikuwa mnafiki, niliamini kweli kweli. Tuliambiwa sisi sote ni ndugu, makabila yasitutenge, nami nikalishika hilo kwa mikono miwili. Nikaona huu utani ni ukabila tu unaochekeshwa, mambo ya wazee wa misafara, na sasa tuna reli na tuna nchi.

Siku moja nilikuwa na mkutano barazani kwetu, habari za kisomo cha watu wazima. Kondo akafika amechelewa, akanitazama juu ya kiti, akauliza watu wote kwa sauti nani amempa Mnyamwezi kiti, maana kwao hukalia mizigo. Watu wakaangua kicheko, kisha wakanigeukia mimi wakingoja jibu. Jibu nilikuwa nalo. Hata leo ninalo, kwamba tulipofika Pwani na mizigo hiyo tuliwakuta Wazaramo wamelala, ikabidi tuwaamshe tuwaulize bahari iko wapi. Lilikuwa ulimini tayari.

Nikakohoa. Nikasema, "Shikamoo, Mzee Kondo. Tafadhali tuheshimiane, huu ni mkutano."

Akaitikia marahaba. Akavua kofia, akatafuta nafasi kwenye mkeka, akakaa.

Mama yako alikuwa anatoa vikombe vya kahawa. Watu walipoondoka aliniambia, "Umemwamkia mtani. Sasa ukipotea nani atakufokea?" Nikamwambia asiyoyajua asiyajadili. Hilo neno nalo nalijutia.

Kondo hakukata tamaa mara moja. Alipita karakana yangu akachukua kofia yangu mpya msumarini akaenda nayo. Mimi ningepaswa kwenda kwake nikachukua nyundo zake zote na meza. Badala yake nilikutuma wewe, ukamwambie baba anaomba kofia yake. Akakupa, imekung'utwa vumbi na kufungwa kwenye karatasi. Siku nyingine aliniita popo katikati ya soko, si ndege si mnyama. Nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasi, nikapita. Akajaribu tena na tena, nami nikajibu kwa adabu tena na tena. Kisha akaacha. Akaanza kuniita Balozi. Sikukuu ikifika alituletea sahani iliyofunikwa, kama kwa jirani yeyote, akabisha hodi mlangoni na kungoja. Hatukugombana hata siku moja, na ndiyo maana sikugundua. Nilifurahi. Nilimwambia mama yako kwamba unaona, sasa tumestaarabika.

Mimi ni seremala, Zuhura, na nadhani useremala ulinidanganya. Mbao yangu ya mninga nikiiweka darini haiharibiki, inazidi kukauka na kupata thamani, nikiihitaji naishusha. Nikadhani mambo yote yako hivyo. Babu ametembea, baba ametunza, haki imelundikana, mimi nitaitumia siku nikiwa na shida. Kumbe haki ile haikuwa na dari. Ilikuwa hai kwa kutumiwa tu, leo mimi kesho yeye, na nyumba iliyokaa miaka bila kuchokozana haina tena inachodai.

Nililijua hilo bibi yako alipofariki.

Huo msiba unaukumbuka, ulikuwa umeshaanza masomo ya uuguzi. Lakini ulikuwa chumbani na wanawake, hukuona yaliyokuwa barazani. Kijijini kwetu, upande wa Kigwa, watu walikuwa wamekwisha kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, na boma la zamani alikozikwa babu yako limeachiwa msitu. Hamisi akaja na gari la watu, akasema mama atakwenda kulala kando ya mumewe. Mimi nikasema haiwezekani. Nikaeleza kwamba watu wamehama, nani atapalilia kaburi, maiti hangoji, hapa mjini kuna makaburi mazuri na watoto watazuru. Nilisema kwa utaratibu, hoja baada ya hoja, na nikakohoa.

Hamisi aliniuliza mbele ya watu wote, "Kaka, unamzika mama au unafunga mkutano?"

Ningeweza kulia hapo. Ningemshika mkono. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi balozi, nikamwambia akae chini. Akanijibu, nikamjibu. Ilikuwa aibu kubwa, maiti iko ndani na watoto wake wanarushiana maneno. Na nikajikuta, Zuhura, namtafuta Kondo kwa macho. Nilikuwa namngoja atokee na khanga ya mama kichwani. Atutukane. Alale juu ya jeneza, afanye lolote, atuambie sote wawili wajinga.

Kondo alikuwa amekaa ukutani, mikono juu ya magoti, kimya, kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa asiowajua. Alinipa pole kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Tukamzika mama mjini. Hamisi alishika jeneza, hakunishika mkono, na kabla ya siku ya tatu alikwisha kuondoka. Siku ya khitma nilimwita Kondo pembeni nikamuuliza kwa nini ametufanyia hivyo, kwa nini hakututania na ameona hali yenyewe.

"Nilikutania mpaka nikachoka, Balozi," akasema. "Kila nikibisha nilikuta shikamoo. Mtu na heshima yake nitamwingiliaje?"

Hakuyasema kwa hasira. Afadhali angeyasema kwa hasira.

Tangu siku ile Hamisi hajakanyaga hapa. Nilimpelekea habari Kigwa kwamba unaondoka, nikadhani kwa ajili yako atakuja. Amekuletea michembe ya viazi na asali kwa mkono wa abiria, mimi hakunitumia hata neno. Nampenda mdogo wangu, Zuhura. Nimemkumbuka kila siku ya Mungu, na sijui namna ya kwenda kwake. Nikienda mwenyewe nitakohoa, nitaanza kueleza. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuingia kwa Hamisi bila hodi, akamtukana mpaka akacheka, akamleta hapa amemshika sikio, nilimpa shikamoo.

Nimekueleza hayo yote kwa sababu ya kijana wa tiketi. Kisarawe utakuta wanawake watakaokuambia kwamba Mnyamwezi hawezi kumzalisha mtu, ataishia kumtwika mtoto kichwani na kuondoka naye. Watakuja kuinua kifuniko cha chungu chako. Wataficha viatu vyako. Utakuwa umechoka, umetoka kukesha na mzazi, utaona wanakudharau na elimu yako. Sikuombi uwe mcheshi, najua hukuumbwa hivyo, hata mimi sikuumbwa hivyo. Lakini jibu. Jibu vibaya kama huna zuri. Chukua kitu chao uende nacho. Ukiona wameanza kukuamkia kwa adabu na kubisha hodi, jua umeanza kupoteza kitu ambacho babu yangu alikitembelea kwa miguu. Na kesho ukimwona yule kijana pale dirishani, mwambie miguu haijaisha, ila umesikia kwao wanaibia watembeao. Utaona atakavyofurahi.

Najua unavyonisoma hapa. Unasema baba anafundisha asichokiweza. Ni kweli, na ndiyo maana leo nimefanya jambo ambalo inabidi ulijue kabla hujafika stesheni, kwa sababu umo ndani yake.

Baada ya sala ya alasiri, ulipokuwa umekwenda kuaga mashoga zako, nilikwenda nyumbani kwa Kondo. Sikubisha hodi. Niliingia moja kwa moja hadi uani kama alivyokuwa akiingia kwetu. Kondo mwenyewe hakuwapo. Alikuwapo mkewe, Bi Chiku, anapeta mchele. Palikuwa na jogoo mmoja mkubwa, nikamkimbiza. Mwanangu, mtu wa umri wangu, balozi, nimemkimbiza jogoo kuzunguka kinu mpaka kofia ikaanguka. Nilipomkamata sikuwa na pumzi ya kutukana. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu karakana, nikayasema, kwamba amwambie mumewe jogoo amehamia kwa watu wanaojua kupika. Lakini yalitoka kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Bi Chiku hakucheka. Aliokota kofia yangu, akaikung'uta, akanipa kwa mikono miwili.

"Nitamwambia, Balozi," akasema.

Nimemchinja mwenyewe. Mama yako amemkaanga, hakuuliza katoka wapi, ila nimemsikia jikoni akicheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Jogoo yumo kwenye kikapu chako cha safari, chini ya kitambaa.

Sasa hapo ndipo nilipo. Kama utani wetu ungali na roho, jogoo yule ni haki yetu na ni halali kabisa. Kama umekufa, basi baba yako ameiba kuku wa jirani, na nakusafirisha na haramu mkononi. Hakuna awezaye kuniambia ni lipi ila Kondo. Nilimngoja barazani, hakuja. Kwenye sala ya isha tulisimama safu moja, akanipa mkono, akasema usiku mwema, akaenda zake. Ama bado hajaambiwa, ama ananiwekea tusi, ama yamekwisha. Moyo wangu unadunda kama wa kijana aliyepeleka posa.

Mimi naomba awe ananiwekea. Kondo ninayemjua mimi hakupenda kunitukana pasipo na watu, na kesho stesheni watu watakuwapo. Kwa hiyo ukisikia mzee anapenya katikati ya abiria akipiga kelele kwamba balozi wa Gongoni ni mwizi wa kuku na binti yake amebeba ushahidi, usione haya. Toa kichwa dirishani umjibu. Mwambie jogoo alikuja kwetu kwa miguu yake anaomba hifadhi. Mwambie lolote, na kadiri litakavyokuwa baya ndivyo bora. Sauti yangu imeshaingia kutu, itabidi unisaidie. Akinitukana mimi na ukoo wangu wote mbele ya treni nzima, siku hiyo hiyo nitamwomba twende Kigwa.

Na filimbi ikilia hajaonekana, usiseme kitu. Nipitishie kikapu dirishani. Nitampelekea kwake, nitabisha hodi, nitamtaka radhi kama anavyotakwa mzee yeyote. Wewe utanunua chakula njiani, na Mungu atakulinda.

Nakuonea fahari kubwa, Zuhura. Nilipaswa kukuambia tulipokuwa tunakula, nikakohoa. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hatujatoka nyumbani. Isome mpaka hapa, kwa sababu njaa itakuuma na harufu ya kikapu unaijua: usimguse jogoo kabla hujasikia tusi.

Baba yako,
Maganga